Mafuta ya Cherehani

Fundi Kiptalam aliiweka bastola yangu
juu ya gazeti la juzi, upande wa matangazo ya vifo.
Akachomoa magazini kwanza. Akavuta kitelezi,
akachungulia chemba, kisha akatia kidole cha mwisho
kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya kikombe.
"Macho hudanganya," akasema. "Kidole hakidanganyi."

Miaka kumi na tisa alitunza ghala la silaha la magereza.
Sikio lake la kushoto lilibaki huko.
Ukiwa na jambo zito, mwambie upande wa kulia.

Nilikaa kushoto.

"Hii haina nyundo ya kuonekana.
Ndani mna sindano, nyuma ya sindano springi.
Ukivuta triga, sindano inaachiliwa,
inachoma kitako cha risasi.
Sasa hii yako haichomi. Inapapasa."
Akaniwekea kiganjani ile iliyokataa:
kitakoni kidoa kidogo,
alama ya ukucha wa mtoto kwenye sabuni.

"Risasi mbovu?"
"Risasi haina kosa."
"Springi?"
"Mpya kuliko viatu vyangu."
Akasukuma kijiti cha pamba kwenye njia ya sindano;
kikatoka cheusi, kizito, kama ugoro uliolowa.
"Umeipaka nini, mama?"

Mafuta ya cherehani.
Kila Jumapili baada ya ibada, matone matatu,
kama alivyonifunza shangazi Nyakerario
kwenye cherehani yake ya kukanyaga, kule Bondeni:
chombo chenye sindano hukinyimi mafuta.

Alicheka mpaka akakohoa.
"Cherehani hunywa. Hii hulamba tu, hapa na hapa.
Njia ya sindano haitaki hata tone,
iache kavu kama ulimi wa mdeni.
Na wewe unakaa Nakuru, mji uliopewa jina kwa vumbi lake!
Mafuta na vumbi letu vikikutana ni gundi.
Sindano inakimbia na gamboti miguuni."

Leseni ninayo. Alama za vidole vyote kumi,
barua ya daktari kwamba akili zangu ni timamu,
ada ya kila mwaka.
Niliiomba baada ya wale vijana wa mwezi wa tatu
walioondoka na mishahara ya mafundi sita
na jino langu moja.

"Ilikukatalia wapi?"
"Kiwanjani. Kwenye shabaha."
"Mara ngapi?"
"Moja."

Akaendelea kufuta.
Sikio la kushoto halichagui kweli na uongo.

Haikuwa kiwanjani.
Ilikuwa dukani, Free Area, saa nne za usiku,
stima zimepotea, mlango wa nyuma umelia,
na kivuli kimeinamia droo ya pesa.
Sikuuliza "nani?"
Walinifundisha niulize. Sikuuliza.
Nilivuta.

Tik.

"Mama Kerubo? Usihangaike na swichi,
stima hakuna mpaka kule Lanet.
Nilisahau chaja."

Wekesa. Anayenishonea kola za sare za shule,
anayekata uzi kwa meno ingawa mkasi upo.
Alipapasa droo, akapata chaja yake,
akaniambia lala salama, mama,
akavuta mlango taratibu asiniamshie majirani.

Leo bastola ni safi. Kavu.
Tumekwenda kiwanja cha wenye leseni, upande wa Rongai.
Risasi kumi, matundu kumi,
yote yangefunikwa na kola moja ya darasa la kwanza.
Fundi Kiptalam anapiga makofi:
"Sasa ndiyo una bastola!"

Ile yenye kidoa aliniambia niitie kwenye ndoo yake ya mbovu.
Niliinama juu ya ndoo, nikainuka nayo.
Iko kwenye mkebe wa vifungo.

Kesho Jumatatu Wekesa ataomba vifungo vya bluu.
Nitamtolea mwenyewe.
Asiingize mkono.